Bendera Si Shabaha: Namna Augusta National Inavyochezwa Shimo kwa Shimo

Kila Aprili, Jumapili ya duru ya mwisho ya Masters, mashabiki wa gofu wa Afrika Mashariki hukesha. Augusta, katika jimbo la Georgia huko Marekani, iko nyuma yetu kwa saa saba, hivyo mshindi anapovishwa koti la kijani kwetu ni kama saa nane za usiku. Na kila mwaka kuna jambo linalomkera mtazamaji mgeni. Shimo la 12 lina yadi 155 tu, umbali ambao wachezaji wa daraja lile huufikisha kwa fimbo fupi bila kutoa jasho. Bendera iko kulia, inaonekana wazi. Halafu bwana mkubwa anasimama, anashauriana na kedi wake, yaani mbeba fimbo zake, na kuelekeza mpira kushoto, juu ya banka la mchanga. Anaogopa nini?

Anaogopa hesabu. Hakuna mchezaji wa gofu anayepiga mpira mahali; anapiga kwenye eneo. Hata wa kulipwa, akicheza vizuri, mipira yake ya draiva, ile fimbo ya kupigia mbali zaidi, husambaa upana wa yadi 60 hivi kutoka kushoto hadi kulia. Ni kama mtama unaorushiwa kuku: unajua utaangukia pande zipi za ua, hujui punje ipi itatua wapi. Kwa hiyo mkakati wa shimo lolote hauanzi na swali la “nipige wapi?” Unaanza na “nikikosea, na nitakosea, mpira uangukie wapi?” Ukishajua hilo, unasogeza shabaha yako mpaka makosa yako mengi yatue mahali ambapo bado unaweza kucheza.

Swali la pili linasomwa kinyumenyume, kutoka kwenye kikombe, lile tundu lenye bendera, kurudi nyuma. Bendera ikiwa nyuma kushoto, ni upande upi wa fewei, ile njia ya nyasi fupi, unaokupa mlango wa kuiendea? Na ili kufika upande huo, uanze na fimbo gani pale tii, mahali pa kuanzia shimo? Mchezaji wa kawaida hufanya kinyume: anachomoa draiva kwa sababu shimo ni refu, kisha anaenda kuona mpira umeangukia wapi, kisha anaanza kufikiri. Huyo anafikiri akiwa amechelewa mkwaju mmoja.

Nimeichagua Augusta National kuelezea haya kwa sababu mbili. Kwanza, Masters inachezwa hapo kila mwaka tangu 1934, isipokuwa miaka michache ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo hata ambaye hajawahi kukanyaga Georgia anayajua mashimo yake kwa sura. Pili, uwanja wenyewe ulitengenezwa kuwa mtihani wa akili. Mwasisi wake Bobby Jones na mbunifu Alister MacKenzie waliupenda mno uwanja wa kale wa St Andrews kule Scotland, wakataka fewei pana na nyasi ndefu chache, ili mpira wa kwanza usiwe na adhabu ya papo hapo. Adhabu inakuja baadaye: umepiga fewei, mpira umelala vizuri, lakini upo upande usiofaa, na kutoka hapo huwezi kuikaribia bendera. MacKenzie alifariki Januari 1934, miezi miwili kabla ya mashindano ya kwanza. Hakuwahi kuona mtego wake ukinasa.

Kwa wasiocheza, neno moja la hesabu. Kila shimo lina pari, idadi ya mikwaju inayotarajiwa: tatu, nne au tano, na Augusta jumla yake ni 72. Ukitumia mmoja pungufu ni bedi, mmoja zaidi ni bogi. Basi, tuingie uwanjani.

Shimo la 1 linapanda mlima na kupinda kulia, na mahali linapopinda kuna banka kubwa. Wageni hudhani ni shimo la kufungulia mikono. Takwimu za Masters zinaliweka kati ya magumu. Pari hapo ni ushindi, chukua uondoke. La 2 ni pari 5 inayoteremka na kupinda kushoto, na kosa moja tu limekatazwa: kushoto mno, kwenye mtaro ulio ndani ya miti. Ukikwepa huko, mteremko wenyewe unakusaidia. Mwaka 2012 Louis Oosthuizen alipiga kutoka yadi 253, mpira ukatua mbele ya grini, ile sehemu ya nyasi laini yenye kikombe, ukaviringika taratibu kuelekea kulia mpaka ukazama kikombeni. Tazama tena mkwaju ule: hakuilenga bendera. Alilenga mteremko, mteremko ukapeleka.

La 3 ndilo darasa lenyewe, na nashangaa linavyopuuzwa na wapiga picha wa televisheni. Lina yadi 350 tu. Wachezaji wa leo wanaweza kuufikisha mpira karibu kabisa na grini kwa draiva. Wengi hawafanyi hivyo. Grini imeinuliwa, upande wake wa kushoto ni mwembamba, na mpira mfupi unarudi chini miguuni pako. Ukipiga draiva unabaki na yadi 40 au 50 za kupiga kutoka bondeni, huoni kikombe, na huna nafasi ya kupiga kwa nguvu za kutosha ili mpira uzunguke na kushika breki. Ukipiga chuma kirefu, fimbo isiyofika mbali kama draiva, unabaki na yadi 110 hivi, umbali wa bembeo kamili, na bembeo kamili ndilo pigo ambalo mchezaji amelirudia maelfu ya mara. Yaani kukaribia zaidi si lazima kuwe kurahisisha. Kuna wanaolipiga draiva na kufanikiwa, hasa bendera ikiwa kulia ambako grini ni pana, na hiyo nayo ni sehemu ya somo: shimo lile lile, siku tofauti, jibu tofauti.

Ya 4 hadi 8 nitayapita haraka. La 4 ni pari 3 ya yadi 240, unalenga katikati na kushukuru. La 5 ni refu, mabanka yake yapo kushoto. Cheza kulia hata kama njia inakuwa ndefu zaidi. La 6 linapigwa kutoka juu na grini yake ina jukwaa dogo kulia nyuma, ambalo siku nyingine halistahili kuguswa. La 7 ni jembamba, la 8 linapanda na banka lake liko kulia.

La 9 lina grini inayoelekea kwako, sehemu ya mbele ikiwa na mteremko mkali. Mpira unaotua mbele hausimami. Mwaka 1996 Greg Norman aliianza Jumapili akiongoza kwa mikwaju sita. Hapa kwenye la 9 mpira wake wa pili ulitua mfupi kidogo tu, ukasimama kana kwamba unafikiri, kisha ukaanza kurudi nyuma, ukateremka hadi kwenye fewei. Kabla ya jua kuzama alikuwa amepoteza uongozi wote na kushindwa na Nick Faldo kwa mikwaju mitano. Kanuni ya la 9 ni fupi: bendera ikiwa mbele, piga nyuma yake, na ukubali kusukuma mpira ukiteremka.

La 10 linashuka bondeni na kupinda kushoto, na kwa miaka mingi ndilo limewachosha wachezaji wa Masters kuliko yote. Mpira unaopinda kutoka kulia kwenda kushoto unashika mteremko na kukimbia mbali. Ukizidisha mpindo huo unaishia kwenye vibanda vya wageni, kama ulivyoishia wa Rory McIlroy mwaka 2011, alipoongoza mashindano na kuandika 7.

Sasa tumefika kwenye pembe ambayo Wamarekani wameipa jina la kanisani, Amen Corner: mwisho wa la 11, la 12 lote, na mwanzo wa la 13.

La 11 lina yadi 520 na bado ni pari 4. Kushoto mwa grini kuna bwawa, kulia kuna uwanda wa nyasi usio na maji wala mchanga. Ben Hogan alikuwa na mazoea ya kupiga mpira wa pili kwenye uwanda huo makusudi, kisha anaudokoa mpira hadi karibu na kikombe na kuchukua pari yake. Mwaka 1987 Larry Mize, kijana aliyezaliwa Augusta hiyo hiyo, alikuwa kwenye mchujo dhidi ya Norman (ndiyo, Norman tena), na mpira wake wa pili ukaangukia huko huko kulia, zaidi ya mita 40 kutoka kikombeni. Aliudokoa, ukadunda mara mbili, ukaingia. Wengi hukumbuka bahati. Mimi hukumbuka kwamba kosa lake lilikuwa upande unaoruhusu bahati. Angekosea kushoto angekuwa anatafuta mpira mwingine mfukoni.

Na la 12. Grini yake ni nyembamba mno kutoka mbele kwenda nyuma, na haikukaa sawa mbele yako: imelala mshazari, upande wa kushoto uko karibu, wa kulia uko mbali. Mbele inapita Rae's Creek. Sasa mfikirie mchezaji wa mkono wa kulia. Akikosea kulia, mara nyingi mpira huwa umefunguka na umepoteza nguvu, kwa hiyo unakuwa mfupi. Akikosea kushoto, mara nyingi ameuvuta, na mpira uliovutwa huenda mbali zaidi. Mtawanyiko wake, basi, nao ni mshazari, lakini umelala upande wa pili. Kulia, ambako anatakiwa apige mbali zaidi, kosa lake linakuwa fupi na linaingia majini. Kushoto, ambako grini iko karibu, kosa lake linapitiliza hadi vichakani. Shimo limekatwa kinyume na mwili wake. Ongeza upepo unaozunguka ndani ya bonde lile, kiasi kwamba bendera ya la 11 inaweza kupepea huku na ya la 12 kule.

Kwa mchezaji wa mkono wa kushoto mambo yanageuka: mtawanyiko wake unafuata mshazari wa grini. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee, lakini kati ya 2003 na 2014 wachezaji wa mkono wa kushoto walishinda Masters sita kati ya kumi na mbili: Mike Weir moja, Phil Mickelson tatu, Bubba Watson mbili. Wapiga kushoto ni wachache sana katika gofu ya kulipwa, kwa hiyo idadi hiyo haiwezi kupuuzwa.

Ushauri wa Jack Nicklaus, aliyevaa koti la kijani mara sita, ulikuwa kutoilenga kamwe bendera ya kulia ya siku ya Jumapili. Lenga juu ya banka la mbele, katikati ya grini, ukacheze 3 zako. Mwaka 2016 Jordan Spieth alimaliza mashimo tisa ya kwanza akiwa mbele kwa mikwaju mitano. Akapata bogi mbili, akafika la 12. Mpira wake ukaelea kulia, ukagonga ukingo, ukarudi majini. Akadondosha mwingine umbali wa yadi 80 hivi, akachota ardhi kabla ya mpira, maji tena. Akaandika 7, na Danny Willett akaondoka na koti. Miaka mitatu baadaye Francesco Molinari alikuja hapo akiwa mbele ya Tiger Woods kwa miwili. Katika makundi mawili ya mwisho, wachezaji wanne kati ya sita waliitia mipira majini hapo, Molinari akiwemo. Woods alipiga kushoto kwa bendera, juu ya banka, akasukuma mara mbili, akatoka na 3. Hakufanya chochote cha ajabu, na baada ya shimo hilo walikuwa sawa. Alishinda akiwa na miaka 43. Kujua jibu, hata hivyo, hakutoshi: mwaka uliofuata Woods huyo huyo alizamisha mipira mitatu hapo akaandika 10.

La 13 na la 15 ni pari 5, na yanauliza swali moja ambalo kila mchezaji wa gofu duniani hulikuta wikiendi: niyavuke maji kwa mkwaju wa pili, au nisimame kabla yake? Wapenda ushujaa wana mifano yao. Gene Sarazen, 1935, alivuka bwawa la 15 kutoka yadi 235 na mpira ukaingia kikombeni moja kwa moja. Mickelson, 2010, akiwa juu ya sindano za msonobari kwenye la 13, alipitisha chuma namba 6 katikati ya miti miwili hadi karibu na kikombe. Picha hizi zimewapotosha watu wengi sana.

Mfano wangu ni Zach Johnson, 2007. Si mpiga mbali. Kwenye pari 5 zote nne, kwa siku zote nne, hakujaribu hata mara moja kufika grini kwa mikwaju miwili. Mara kumi na sita alisimama kabla, akapiga fimbo fupi, akasukuma. Alizicheza pari 5 hizo kwa mikwaju 11 chini ya pari, na akashinda mashindano yenyewe kwa jumla ya mmoja juu ya pari. Hakujizuia kwa woga. Alijua fimbo yake ya yadi 90 ni kali kuliko fimbo yake ndefu.

Ila kusimama nako kuna ufundi, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Fewei ya 15 inateremka kuelekea bwawa. Ukisimama karibu mno na maji unapiga fimbo fupi ukiwa umeegemea mteremko, na mpira unaotua mfupi unateleza kwenye ukingo ulionyolewa hadi majini. Kwa hiyo unachagua umbali wa kusimama kwa makini kama ulivyochagua tii. Woods, 2013, alisimama vizuri kabisa, akapiga mkwaju mzuri hata ukazidi: mpira uligonga mti wa bendera na kurudi bwawani. Na McIlroy, 2025, akiongoza, alisimama kwa busara kwenye la 13, kisha akautumbukiza mpira wa tatu kwenye kijito kutoka umbali ambao mtu wa klabu anaomba apewe. Akaandika 7. Dakika chache baadaye, kwenye la 15, mti ukiwa umemzibia njia, aliukunja mpira kwa chuma namba 7 kuuzunguka, ukavuka maji, ukatua hatua chache kutoka kikombeni. Mtu huyo huyo, alasiri hiyo hiyo: pigo la busara likamwangusha, la ujasiri likamwokoa. Ukihukumu mkakati kwa tokeo la siku moja utajifunza upuuzi. Unahukumiwa kwa mikwaju mia.

La 14, katikati ya hayo mawili, ndilo pekee lisilo na banka hata moja. Grini yake ina mawimbi ya kutosha. La 16 linaonekana la kutisha kwa bwawa lake kushoto, lakini Jumapili bendera ikiwa kushoto chini ni shimo la kirafiki: lenga katikati, kulia kwa bendera, na mteremko utauleta mpira taratibu huku umati ukipanda sauti. Kulia zaidi, juu ya mteremko, ndiko kubaya. La 17 lilikuwa na msonobari uliopewa jina la Rais Eisenhower kwa sababu aliugonga mara nyingi hata akapendekeza kwenye mkutano wa klabu ukatwe. Mwenyekiti akaona bora afunge mkutano. Dhoruba ya barafu iliuharibu vibaya mwaka 2014, ukaondolewa. La 18 linapitia uchochoro wa miti na mabanka mawili yapo kushoto mahali draiva inapofikia, ndiyo maana wengine huanza na fimbo ndogo zaidi wakabaki na mkwaju mrefu wa kupanda.

Haya yanatufaa nini kwenye viwanja vyetu vya Muthaiga, Lugalo au Nyali? Kuna uhusiano wa kweli kuliko inavyodhaniwa. Watu watatu walioshinda Kenya Open walikuja kushinda Masters pia: Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya 1978, Ian Woosnam 1986 na Trevor Immelman 2000. Lakini mkakati hauhamishwi kama ulivyo. Augusta nyasi zinazozunguka grini zimenyolewa, mpira mfupi unakimbia au unarudi. Viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi za kikuyu, nene na zenye kushika: mpira unaotua mbele ya grini unaganda hapo hapo. Ule ujanja wa kulenga mteremko na kuuacha upeleke haufanyi kazi. Unaupeleka mpira hewani hadi juu ya grini. Nairobi nayo, kwa mwinuko wake, inaongeza yadi kwenye kila fimbo, na mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anayepanda huko na vipimo vyake vya pwani atapitiliza grini asubuhi nzima. Ndiyo maana ya kumsikiliza kedi wa pale. Usimuulize tu “yadi ngapi?” Muulize upande gani watu hawarudi na pari.

Na kuna hesabu ya handikapu, ambayo wachezaji wa klabu wanaijua kwenye karatasi na kuisahau kwenye tii. Mwenye handikapu 18 amepewa mkwaju mmoja wa ziada kila shimo. Pari 4 ya yadi 420 kwake ni pari 5. Chuma namba 7 chake cha yadi 140, akikipiga mara tatu, kinamfikisha grini kamili, bila draiva, bila banka, bila mti. Anasukuma mara mbili, jumla 5, na ametimiza handikapu yake. Ukimwambia acheze hivyo shimo moja tu, lile la namba 1 kwa ugumu kwenye kadi, atakubali kwa kichwa. Kisha atafika tii, atawaona wenzake watatu wameshika draiva, na mkono wake utaenda wenyewe kwenye mfuko.